Maneno juu ya Bima na Malipo ya Kupasuliwa

(Hotuba ya katekista wa Pasiansi mbele ya Wakristo na walimu, katika siku za Jubilei)

Baba Paroko, mapadre na masista, walimu wenzangu, wazee wangu na mama zangu, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: nimeambiwa niseme neno katika siku hizi za Jubilei. Wengine wamekwisha kusimulia habari za wamisionari wa kwanza, namna walivyotoka pwani mwaka 1878, wakasafiri kwa miguu miezi mingi, hata wakafika Kageye, upande wa kusini wa ziwa letu. Wengine wamesema habari za Bukumbi, ilipoanzishwa misioni mwaka 1883. Hayo yamesemwa vizuri, nami sina la kuongeza. Mimi nataka kusema juu ya jambo dogo lisilo na utukufu, nalo ni fedha ya kupasuliwa.

Labda mtu atauliza, "Katekista, hesabu za hospitali zina nini na Jubilei?" Namjibu kwamba zina mengi. Katika Agano la Kale mwaka wa Jubilei ulikuwa mwaka wa kufunguliwa: aliyeuza shamba lake kwa shida alirudishiwa, na aliyejiuza kuwa mtumishi kwa sababu ya umaskini aliachwa aende kwao. Basi Jubilei si ngoma na nyama tu. Ni habari ya deni. Nami katika nyumba ninazozitembelea hapa Pasiansi, tangu barabara iendayo kiwanja cha ndege hata chini ufukoni, deni ninaloliona mara nyingi kuliko mengine ni deni la ugonjwa.

Nitaanza na habari ya jirani yangu mmoja. Jina lake silitaji, ila mjane wake amenipa ruhusa niseme, akaniambia, "Sema, ili lisimpate mwingine."

Mtu huyu alikuwa mvuvi wa dagaa, mwenye nguvu na mwenye kicheko. Kuvuta nyavu usiku na kupandisha mtumbwi mchangani kulimletea ngiri, yaani uvimbe wa kinenani, utokao mtu akisimama na kurudi ndani akilala. Alikwenda zahanati, akaambiwa wazi: "Hii haiponi kwa dawa za kunywa wala za kuchua, yataka kupasuliwa. Si kazi kubwa. Waweza kuingia asubuhi, na usipopatwa na neno, jioni warudi kwako." Yeye akauliza, "Ni fedha ngapi?" Mtu wa zahanati hakujua, akamwelekeza aulize hospitalini. Wala hakwenda kuuliza. Aliogopa hesabu kuliko alivyoogopa kisu. Akajifunga kitambaa kiunoni, akaendelea kuvua.

Miaka miwili ikapita hivyo. Usiku mmoja, katikati ya ziwa, utumbo ukanaswa ndani ya uvimbe ule, ukakataa kurudi. Ngiri ikinaswa hivyo damu haipiti, na utumbo hufa kwa muda wa saa chache tu. Wenzake walimfikisha ufukoni alfajiri. Lakini wakakaa mpaka saa nne wakitafuta fedha mkononi kabla ya kumpeleka, maana walidhani mtu asiye na fedha hafiki mlangoni. Alipopasuliwa, kazi ilikuwa si ile ndogo tena. Siku ya tatu akafa.

Ndugu zangu, sikilizeni sasa neno linalonichoma. Sisi tunacho chama chetu cha kufa na kuzikana, nami ndimi mwandishi wake. Nalikaa chini ya turubai na daftari magotini, nikiandika: huyu elfu kumi, huyu elfu tano, huyu debe la mahindi, huyu ametoa gari lake. Jioni nikajumlisha. Baadaye, kwa kuwa roho yangu haikutulia, nalikwenda hospitalini nikauliza bei ya kupasua ngiri isiyo na hatari, kwa mtu arudiye nyumbani siku ile ile. Fedha tuliyoichanga siku moja kwa ajili ya jeneza, turubai na chakula cha waombolezaji ingalilipa kazi ile, na nyingine ingalibaki. Fedha tulikuwa nayo. Hatukuwa maskini wa fedha. Tulikuwa maskini wa mpango.

Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza mambo haya, na ninayoyajua nawapeni leo.

Jambo la kwanza: bima ni nini? Bima si kitu kigeni. Ni kufa na kuzikana iliyogeuzwa uso. Katika kuzikana twachanga mtu akiisha kufa. Katika bima twachanga wote tukiwa wazima, ili mmoja akiugua atibiwe kwa mfuko wa wote. Wazee wetu walijua jambo hili katika kazi: vijana wa kijiji walilima pamoja shamba la huyu leo, na la yule kesho, na mgonjwa hakuachwa na pori. Na huko Ujerumani, mwaka ule ule wa 1883 ilipoanzishwa Bukumbi, serikali ya Bismarck ilitoa sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi: mfanyakazi alitoa mafungu mawili, na bwana wake fungu moja. Walioanza hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa viwandani na migodini, wenye mshahara wa kuhesabiwa.

Katika nchi yetu mambo yalikwenda hivi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilijitahidi kutibu watu wake bila malipo. Lakini gharama zikaongezeka na dawa zikapungua, hata mwaka 1993 uchangiaji ukaanzishwa katika hospitali za serikali. Mwaka 1996 ulianza kujaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao watu huuita CHF, kule Igunga mkoani Tabora, si mbali na sisi; na mwaka 2001 ukapata sheria yake. Fedha iliyotolewa na wanakijiji iliongezewa na serikali kiasi kile kile, na mpango huo ukaitwa tele kwa tele. Mwaka 2001 pia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, ulianza kazi kwa sheria ya mwaka 1999, nao ulianza na watumishi wa serikali. Mwaka 2018 CHF iliboreshwa: kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa kama wetu, na kadi ikaweza kutumika tangu zahanati hata hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata ngazi. Kisha mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye nia kwamba kila mkazi awe ndani ya bima, na wasio na uwezo walipiwe kwa mfuko uliowekwa kwa ajili yao.

Viwango vya michango hubadilika. Kwa hiyo msishike namba niliyoitaja kana kwamba ni amri ya milele. Nendeni kwa mtendaji wa mtaa au wa kata, mkaulize kiwango cha mwaka huu na huduma zilizomo. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami juu ya ile 30,000, ili mwone ukubwa wa jambo lenyewe. Igawanyeni kwa miezi 12: ni shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa watu sita. Ni nani hapa ambaye kaya yake haitumii zaidi ya hiyo kwa soda siku moja ya sikukuu?

Jambo la pili: mbona watu wengine wailaumu bima? Nami sitaki kuwaficha, maana katekista asiyesema kweli juu ya fedha hatasadikiwa juu ya mbingu. Malalamiko ya kwanza ni haya: "Nalichanga miaka mitatu, sikuugua, fedha yangu imeliwa." Ndugu, haikuliwa, ilimtibu mtoto wa mwenzio. Na wewe uliyechanga kuwazika wengine miaka kumi bila kufa, je, walalamika kwamba hujafa?

Malalamiko ya pili: "Nalifika na kadi, nikaambiwa dawa hakuna, nikanunue dukani." Hili ni kweli, limetupata wengi, na ni haki tulilie. Lakini kufungua mlango wa duka la dawa kwa fedha yako ni mzigo mdogo kuliko kulipa yote tangu mwanzo, na mwenye kadi anayo haki ya kuuliza na kuandika malalamiko, ambayo asiye na kadi hana.

Malalamiko ya tatu yasemwa kwa siri: "Nitaingia siku nitakapougua." Mtu huyu ni kama mwenye nyumba aendaye kutafuta makuti mvua imekwisha kunyesha. Kama sote tungefanya vile, mfuko ungekuwa na wagonjwa watupu pasipo mchango wa wazima, nao ungekauka kama kisima kichotwacho na kijiji kizima pasipo chemchemi. Ndiyo sababu bima nyingi za hiari huweka muda wa kusubiri kabla ya kulipia baadhi ya kazi, hasa za upasuaji. Na ndiyo sababu sheria ya mwaka 2023 ilitaka watu wote waingie.

Jambo la tatu: upasuaji wa kurudi nyumbani siku ile ile ni upi, na hesabu yake ikoje? Ni kazi kama ngiri isiyonaswa, busha, mtoto wa jicho, tohara, jipu, na uvimbe mdogo wa chini ya ngozi. Watu hudhani, kwa kuwa mgonjwa halali hospitalini, basi malipo ni mamoja na mepesi. Sivyo. Hesabu hiyo ina vyumba vingi kama nyumba. Iko fedha ya kuandikishwa na kumwona tabibu. Iko ya vipimo vya maabara na picha. Iko ya upasuaji wenyewe. Iko ya ganzi au ya dawa ya usingizi, nazo si bei moja. Iko ya vifaa: nyuzi, mipira ya mikono, wavu wa kushikiza ngiri, au kioo kidogo cha kuwekwa ndani ya jicho. Iko ya dawa za kwenda nazo nyumbani. Na mwisho iko ya marudio: kusafisha kidonda na kutoa nyuzi. Mtu akikutajia bei ya upasuaji tu, amekutajia chumba kimoja.

Tena iko hesabu isiyoandikwa na karani ye yote: nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha anayemsindikiza mgonjwa, na siku za kutofanya kazi. Mvuvi aliyepasuliwa ngiri hawezi kuvuta nyavu kwa majuma kadhaa. Hizo bima hailipi. Hapo ndipo jumuiya yetu ndogo inapopata kazi yake.

Nitawapeni mfano wa nyumbani mwangu, nao wanitia haya kidogo. Mama yangu alipata mtoto wa jicho, akawa ananitambua kwa sauti tu. Nalijivuna kwamba tuna kadi. Nikamchukua asubuhi na mapema mpaka hospitali kubwa moja, ambayo siitaji. Dirishani karani akatazama, akasema, "Kadi hii imekwisha muda wake. Tena iko wapi barua ya rufaa?" Muda ulikuwa umekwisha miezi miwili nyuma, mimi mwandishi wa daftari la watu sikuwa nimeandika tarehe yangu mwenyewe. Na barua ya rufaa sikuwa nayo, kwa sababu nalitaka kuruka ngazi. Tukarudi nyumbani. Mama hakusema neno njia nzima, ila tulipofika akauliza, "Je, leo wameniona?" Nikamjibu, "Bado, mama." Jibu hilo lilinilemea.

Mara ya pili tulifanya kwa utaratibu. Tulilipa mchango, tukangoja kadi ikubaliwe, tukaanza kituo cha afya, tukapewa barua. Akapasuliwa asubuhi, jioni tukarudi. Lakini katika hati ya malipo nalikuta imeandikwa fedha ya kitanda usiku mmoja, nasi hatukulala. Nikarudi dirishani, nikasema kwa upole, "Mwanangu, tafadhali nisomee mstari huu." Yule kijana akasoma, akashtuka, akafuta, akaandika upya. Hakuwa mwizi, alikuwa amechoka, na watu walikuwa wengi. Nami nisingalisoma, ingalipita. Kesho yake kitambaa kilipoondolewa, mama alinitazama akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Tukacheka wote.

Kwa mambo hayo yaliyotupata nimetengeneza mashauri, nayo nawaomba walimu wayaandike ubaoni na kuwafundisha watoto, ili watoto wawafundishe wazazi.

Kabla ya siku ya kupasuliwa:

1. Tazama tarehe ya mwisho ya kadi yako, na majina yaliyomo. Mtoto aliyezaliwa baada ya kadi kutolewa huenda hamo.

2. Panda ngazi moja moja. Kuna zahanati, kuna kituo cha afya, kuna hospitali ya wilaya, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Sekou-Toure, na juu yake kuna Bugando, iliyojengwa na Kanisa na kufunguliwa mwaka 1971, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda yetu yote ya ziwa. Pasipo barua ya rufaa kadi yaweza kukataliwa. Na kadi ya jamii haikuwekwa kwa kila ngazi. Uliza: "Kadi yangu yafika wapi?" Lakini penye hatari ya kufa, kama ngiri iliyonaswa, mpelekeni mgonjwa kwanza, mambo ya hati mtu mmoja ayafuate nyuma. Wale wenzake jirani yangu walikaa ufukoni mpaka saa nne. Msikae.

3. Uliza maswali haya, nawe usione haya: Je, kazi hii imo ndani ya bima yangu? Je, yahitaji kibali cha mfuko kwanza? Kipi nitalipa mwenyewe? Je, vifaa vimo, au nitanunua? Je, marudio yamo? Na kama nikilazwa kwa neno lisilotazamiwa, itakuwaje? Majibu yaandike kwenye karatasi, pamoja na siku uliyoyapata.

Siku yenyewe:

4. Lipa dirishani tu, au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Hospitali za serikali hutoa namba hiyo, nawe walipa kwa simu au benki. Fedha huingia kwa serikali moja kwa moja, wala haipiti mfukoni mwa mtu. Shika stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi si malipo. Ni zawadi au ni rushwa. Mtu akikudai hongo ili jina lako litangulie, namba 113 ya TAKUKURU hupigwa bila malipo.

5. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba katika hati ya madai ya bima, omba usomewe yaliyoandikwa. Ukitia sahihi juu ya dawa usizozipata au vipimo usivyofanyiwa, umeshuhudia uongo, nawe umeiba katika kapu la wote. Vivyo hivyo amwazimaye jirani kadi yake. Najua huruma yako, lakini hiyo si huruma. Ni kumpa mmoja kwa kuwanyang'anya wengi, tena damu na maradhi ya mtu mwingine yataandikwa katika jina lako, na siku moja tabibu atasoma na kukosea.

Baada ya kupasuliwa:

6. Weka hati zote katika bahasha moja: barua ya rufaa, hati ya malipo, stakabadhi, na karatasi ya tarehe ya marudio. Soma hesabu mstari kwa mstari, kama ulivyosomewa mahubiri. Ukiona neno usilolijua, rudi ukaulize. Hakuna mtu aliyefungwa kwa kuuliza.

Sasa neno kwa wasio na kitu kabisa. Msidhani mlango umefungwa. Kwa taratibu za nchi wako waliowekewa msamaha: mama wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Asiye na uwezo aende kwanza serikali ya mtaa, apate barua ya kumtambulisha hali yake, kisha hospitalini amtafute afisa wa ustawi wa jamii. Afisa huyo yupo kwa kazi hiyo. Wengi hupita mbele ya mlango wake bila kuujua. Nanyi wenye ng'ombe na nyumba za kupangisha, msiuombe msamaha huo; mtawakalia wenye haki mahali pao.

Na neno kwa walimu wenzangu. Ninyi mlio watumishi wa serikali mmo katika bima bila kutaka. Katika kila mshahara asilimia 3 hukatwa, na mwajiri huongeza asilimia 3. Mwenzi wako na wategemezi wanne huingia pamoja nawe. Lakini nimewakuta walimu wenye miaka kumi kazini, ambao hawajaandikisha mtoto wala mzazi, kwa uvivu wa kujaza fomu. Wakatwa kila mwezi, kisha mzazi akiugua wakopa kwa riba. Jamani, huku ni kununua mwavuli na kuuacha dukani.

Mwisho, nataka Jubilei hii ituachie kitu. Mapendekezo yangu ni mawili tu.

La kwanza, kila jumuiya iweke siku ya kadi. Wavuvi wa dagaa wapata fedha usiku wa giza, si wakati wa mbalamwezi, maana taa haziwavuti dagaa mwezi ukiwaka. Basi kila giza moja, kila kaya itie akiba kidogo, mbele ya wote, iandikwe. Na itakapofika tarehe ya kadi, mchango uwe tayari. Wakulima wafanye baada ya mavuno. Asiyeweza kutimiza, jumuiya imsaidie kipande kilichobaki, kama tunavyosaidia sanda.

La pili, mtu akiandikiwa kupasuliwa, asiende peke yake kuuliza bei. Waende wawili, mmoja awe anajua kusoma hesabu. Jirani yangu hakuuawa na ngiri tu. Aliuawa na swali ambalo hakuwa na mwenzi wa kwenda kuliuliza. Mimi nalikaa naye benchi moja kanisani kila Jumapili. Nalimwona akitembea huku ameshika kiuno, nikamwuliza habari za nyumbani, nikamwuliza habari za ziwa, lakini habari za kiuno sikumwuliza. Hili nimeliungama, na leo nalisema mbele yenu ili msilirudie.

Daftari la kuzikana ninalo hapa, mwaliona, limejaa. Na hili jingine ni jipya. Nimelinunua juma lililopita. Ukurasa wa kwanza una kaya moja tu, nayo ni ya mjane yule, ambaye alileta shilingi 2,500 za mwezi wa kwanza kabla sijamaliza kupiga mistari. Baada ya Misa nitakaa pale chini ya mwembe na kalamu. Hayo ndiyo maneno yangu.

Tumsifu Yesu Kristo.